Akaunti ya mtoto: kuifungua, kuisimamia na kuikabidhi bila pesa kukwama (mwongozo kwa familia za Mtwara na Lindi)

Akaunti ya mtoto haikwami siku ya kufunguliwa. Hukwama baadaye, na mara nyingi katika nyakati mbili: msimamizi anapofariki, au mtoto anapotimiza miaka 18 na kuambiwa dirishani kwamba majina hayalingani. Mwongozo huu unaanza na karatasi, kisha unafuata hatua moja baada ya nyingine hadi siku ya makabidhiano.

Jambo moja lieleweke kwanza. Katika akaunti ya mtoto, pesa ni za mtoto na saini ni ya mtu mzima. Msimamizi hana umiliki wowote. Karibu kila mgogoro wa akaunti hizi huanza pale mtu anaposahau mojawapo ya mambo haya mawili.

## Vitu vya kuwa navyo mkononi

Kusanya hivi kabla hujapanda bodaboda kwenda tawini:

- Cheti cha kuzaliwa cha mtoto kutoka RITA (wakala wa serikali anayesajili vizazi na vifo), nakala halisi na kivuli. Tangazo la kizazi na kadi ya kliniki havitoshi.
- Kitambulisho cha taifa au namba ya NIDA ya msimamizi. Kama wasimamizi ni wawili, ya kila mmoja.
- Picha ndogo za mtoto na za msimamizi, mbili mbili.
- Barua ya utambulisho ya mtendaji wa kijiji, mtaa au kata. Si kila benki inaiomba, lakini ukirudishwa kijijini Kitaya kuifuata kutoka Mtwara mjini, nauli imepotea bure.
- Namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina la msimamizi mwenyewe.
- Kwa asiye mzazi: barua ya afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, muhtasari wa kikao cha familia na vyeti vya kifo vya wazazi kama wamefariki. Benki inaweza pia kudai amri ya mahakama.
- Daftari gumu la kurasa mia moja au zaidi. Kazi yake utaiona hatua ya 5.

Kama mtoto hana cheti na bado hajatimiza miaka mitano, usajili hufanyika bila malipo katika kituo cha afya kinachotoa huduma hiyo au ofisi ya kata. Aliyevuka umri huo husajiliwa kupitia ofisi ya msajili wilayani au mfumo wa mtandaoni wa RITA, na huombwa uthibitisho zaidi wa kuzaliwa kwake.

## Hatua ya 1: Sawazisha majina

Hatua hii ndiyo watu huiruka, nayo ndiyo huwaumiza baadaye.

Huku kwetu mtoto anaweza kuwa na majina matatu bila mtu yeyote kuona ajabu. Kuna jina la cheti, kuna jina alilotoka nalo jandoni au unyagoni, na kuna jina ambalo mwalimu aliliandika siku ya kuanza shule. Nyumbani hakuna tatizo. Benki, hao ni watu watatu.

Chukua karatasi, uandike jina la cheti cha kuzaliwa kama lilivyo, herufi kwa herufi. Chini yake andika jina la shule, kisha jina utakalolijaza kwenye fomu ya benki. Yanapaswa kufanana yote: idadi ya majina, mpangilio na tahajia. "Saidi" na "Said" si jina moja kwenye mfumo. "Hamisi Juma Nangomwa" na "Juma Hamisi Nangomwa" ni watu wawili.

Yakitofautiana, rekebisha upande ulio rahisi mapema. Jina la shule hurekebishika kwa urahisi kabla mtoto hajasajiliwa kwa mtihani wa taifa. Akishasajiliwa na vyeti vikatoka, kazi inakuwa kubwa. Kosa la tahajia kwenye cheti cha kuzaliwa hupelekwa RITA pamoja na hati ya kiapo na vithibitisho. Jina la jandoni libaki la heshima ya nyumbani, au libadilishwe rasmi kwa hati ya kubadili jina. Kulichomeka kwenye fomu ya benki tu ni kujitengenezea kesi ya miaka kumi na nane mbele.

Umefanikiwa ikiwa: jina la cheti, la shule na la fomu ya benki yanasomeka sawa, na tarehe ya kuzaliwa ni moja kwenye karatasi zote.

## Hatua ya 2: Chagua aina sahihi ya akaunti

Kuna mitego miwili hapa.

Wa kwanza ni kufungua akaunti ya kawaida kwa jina la baba au mama na kuiita "ya mtoto". Benki haijui hilo. Mzazi akifariki, pesa hizo ni sehemu ya mirathi na zitagawanywa kwa warithi wote: wajane, watoto wa nyumba nyingine na wazazi wa marehemu. Mtoto uliyemkusudia atapata fungu lake tu.

Wa pili ni kuweka pesa za mtoto kwenye sanduku la kikoba. Kikoba ni kizuri kwa mkopo wa palizi, lakini pesa za kukaa miaka kumi hazina kinga humo.

Unachotafuta ni akaunti ambayo mtoto ndiye mwenye akaunti na mtu mzima ni msimamizi. NMB wana Mtoto Akaunti, pamoja na Chipukizi kwa walio kati ya miaka 13 na 17. CRDB wana Junior Jumbo, na benki nyingine zina za kwao. Muulize ofisa maswali haya, majibu uyaandike:

1. Jina litakaloonekana kwenye taarifa ya akaunti ni la nani?
2. Je, wasimamizi wanaweza kuwa wawili?
3. Kutoa pesa kunaruhusiwa mara ngapi kwa mwaka, na ukizidisha nini kinatokea?
4. Kuna makato ya mwezi?
5. Mtoto akitimiza miaka 18 akaunti inabadilishwa, au inafungwa na kufunguliwa nyingine?

Wasiotaka riba waulize dirisha la huduma za Kiislamu. Benki kadhaa wanazo. Kwa wanaopokea riba, kumbuka asilimia 10 yake hukatwa kama kodi kabla haijaingia. Riba ya Sh 20,000 huingia ikiwa Sh 18,000, wala si wizi wa benki.

Benki ikifilisika, Bodi ya Bima ya Amana hukinga hadi Sh 7,500,000 kwa kila mwenye amana katika kila benki. Salio likikaribia hapo, kinachozidi kihamishie benki nyingine, au kinunulie vipande (hisa ndogo za uwekezaji) vya Mfuko wa Watoto wa UTT AMIS, kampuni ya serikali ya mifuko ya uwekezaji. Vipande huandikwa kwa jina la mtoto, lakini thamani yake hupanda na kushuka. Usipeleke huko pesa utakazozihitaji Januari ijayo.

Umefanikiwa ikiwa: fomu imeandikwa jina la mtoto kwenye nafasi ya mwenye akaunti, na lako kwenye nafasi ya msimamizi au mlezi.

## Hatua ya 3: Weka wasimamizi wawili, na chagua maelekezo ya saini

Msimamizi mmoja ni hatari. Wanaume wengi wa pwani hii huwa baharini, au huenda Dar es Salaam kutafuta riziki na kukaa miezi. Akina mama nao husafiri msimu wa kilimo. Kama benki inaruhusu, andikeni wawili, ikiwezekana baba na mama, kwa sababu majina yao yamo kwenye cheti cha kuzaliwa na hayahitaji ushahidi mwingine.

Kisha fomu itauliza namna ya kutia saini. Chaguo ni mbili.

*Mmoja wao* maana yake ni kwamba saini yoyote inatosha. Mmoja akifariki au akisafiri, mwingine anaendelea. Udhaifu wake ni kwamba anaweza kutoa pesa zote mwenzake asijue.

*Wote wawili* huzuia hilo, lakini mmoja akipotea akaunti inasimama.

Wanaoishi nyumba moja na wanaaminiana wachague mmoja wao, na ujumbe wa miamala uende kwenye simu ya yule asiyekwenda benki mara kwa mara. Waliotengana wachague wote wawili, usumbufu na uwepo. Usumbufu unavumilika kuliko kukuta akaunti tupu.

Na mjomba je? Kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera mjomba ana sauti kubwa juu ya watoto wa dada yake, na familia nyingi zingependa yeye ndiye atie saini. Benki haisomi ukoo, inasoma cheti. Wazazi wakiwa hai, nafasi ya mjomba ni ya shahidi: aoneshwe namba ya akaunti, ajue tawi, jina lake liwemo kwenye daftari. Siku ya msiba yeye ndiye atakayeongoza kikao, kwa hiyo ni bora ajue mapema kuliko kusikia kwa majirani.

Tahadhari ya mwisho hapa: fomu ina nafasi ya ndugu wa karibu. Kuandikwa hapo hakumpi mtu urithi wala mamlaka ya kutoa pesa. Ni mtu wa kupigiwa simu tu.

## Hatua ya 4: Weka pesa kwa kufuata msimu wa mazao

Ushauri wa "weka kila mwisho wa mwezi" ni wa wenye mishahara. Wao waombe benki ikate kiasi kutoka kwenye mshahara kila mwezi, wamalize. Mkulima wa Tandahimba au Ruangwa hupata pesa kwa mikupuo: ufuta kuanzia katikati ya mwaka, mbaazi baadaye, korosho kuanzia minada ya Oktoba.

Malipo ya mazao huingia kwenye akaunti ya mkulima aliyesajiliwa kupitia AMCOS yake, yaani chama chake cha ushirika wa mazao. Usijaribu kuwapa namba ya akaunti ya mtoto, jina halitalingana na malipo yatakwama. Pokea kwako, kisha hamisha.

Hamisha siku ileile pesa inapoingia, kabla madeni ya salfa ya mikorosho na ya duka hayajazifikia. Panga kiasi kabla ya mnada. Mfano: Sh 100,000 kutoka kwenye ufuta na Sh 200,000 kutoka kwenye korosho ni Sh 300,000 kwa mwaka. Ukianza mtoto akiwa mchanga, kwa miaka 18 ni Sh 5,400,000 bila kuhesabu riba. Mwaka wa bei mbaya weka hata Sh 10,000, kwa sababu akaunti isiyo na muamala kwa muda mrefu huhesabiwa imelala, na kuiamsha kunahitaji msimamizi afike tawini na vitambulisho upya.

Unapotuma kwa simu au kwa wakala, soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Linapaswa kuwa la mtoto. Wakala akikuambia "weka kwangu nitakutumia", ondoka.

Umefanikiwa ikiwa: una risiti au ujumbe wenye jina la mtoto, tarehe na kiasi, na umeunakili kwenye daftari siku hiyohiyo.

## Hatua ya 5: Toa kwa sababu, na uandike

Msimamizi anaruhusiwa kutoa pesa kwa manufaa ya mtoto: mahitaji ya shule, matibabu, sare, godoro la bweni. Pesa za mtoto si za kununulia pikipiki ya baba, hata kama mtoto atapandishwa mara mojamoja.

Nyingi ya akaunti hizi hazina kadi ya ATM, kwa hiyo panga mapema. Msongamano huwa Januari, wanafunzi wanaporipoti kidato cha kwanza, na Julai kwa kidato cha tano. Nenda wiki mbili kabla. Chukua kitambulisho halisi, si kivuli, na tia saini kama ulivyotia siku ya kwanza. Saini iliyobadilika ni sababu ya kawaida sana ya mtu kurudishwa. Mzee anayetumia dole gumba aendelee na dole gumba.

Daftari liwe na safu tano: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, sababu, salio. Risiti zibandikwe kurasa za nyuma. Mara moja kwa mwaka, korosho zikishauzwa, omba taarifa ya akaunti ya mwaka mzima na ulinganishe. Tofauti ikionekana, ripoti tawini kwa maandishi, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri.

Daftari hili litakutetea. Ndoa ikivunjika, au ndugu wakidai umekula pesa za yatima, maneno hayatasaidia.

## Hatua ya 6: Msimamizi akifariki

Kwanza, mambo ya kutofanya. Usitumie simu au namba ya siri ya marehemu kuhamisha pesa, hata kama ni kwa nia njema ya kuokoa ada. Hilo ni kosa, na litaharibu madai ya mtoto pia. Usikubali akaunti ya mtoto iorodheshwe kwenye mali za marehemu kwenye kikao cha arobaini.

Kisha fuata njia inayokuhusu.

Akaunti iko kwa jina la mtoto, na mzazi mwingine yupo. Chukua kibali cha mazishi, kakate cheti cha kifo RITA. Nenda nacho benki pamoja na cheti cha kuzaliwa cha mtoto na kitambulisho chako. Omba kubadilisha msimamizi. Fomu mpya ya sampuli za saini itajazwa. Akaunti hii haihitaji mirathi, maana mwenye akaunti hajafa. Ofisa akikuambia ulete barua ya msimamizi wa mirathi, mwoneshe jina lililo kwenye taarifa ya akaunti, na ikibidi omba kuonana na meneja wa tawi.

Akaunti iko kwa jina la mtoto, wazazi wote hawapo. Familia ikutane ichague mlezi. Muhtasari utaje majina ya waliohudhuria, jina kamili la mtoto, jina la mlezi na tarehe, usainiwe na wote, kisha ugongwe muhuri wa mtendaji. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Mtoto ya 2009 kinatambua kwamba wazazi wakifariki, wajibu wao unaweza kupokelewa na ndugu kwa amri ya mahakama au kwa utaratibu wa mila. Mpeleke mlezi kwa afisa ustawi wa jamii apate barua, kisha benki. Kama wakidai amri ya mahakama, karatasi hizohizo ndizo utakazoanza nazo huko.

Akaunti ilikuwa kwa jina la marehemu. Hapa hakuna njia ya mkato, ni mirathi. Kwa marehemu aliyeishi kwa mila au kwa sheria ya Kiislamu, maombi hufunguliwa mahakama ya mwanzo kwa Fomu Na. 1, pamoja na cheti cha kifo na muhtasari wa kikao. Tangazo hubandikwa, na asipojitokeza mpingaji mahakama hutoa barua ya uteuzi, Fomu Na. 4. Ndani ya miezi minne msimamizi wa mirathi hupeleka orodha ya mali na madeni kwa Fomu Na. 5, na hesabu kwa Fomu Na. 6.

Zingatia hapa: fungu la mtoto lisipite mfukoni mwa msimamizi wa mirathi na kubaki humo. Fungua akaunti ya mtoto mapema, na uombe namba yake iandikwe kwenye mgawanyo unaopelekwa kwa hakimu. Msimamizi wa mirathi asiyepeleka hesabu anaweza kuitwa na mahakama, na mtu yeyote mwenye maslahi, akiwemo mlezi wa mtoto, anaweza kuomba hivyo. Kifungu cha 10 cha Sheria ya Mtoto kinakataza kumnyima mtoto haki ya kunufaika na mali ya mzazi wake.

Mtoto mwenyewe akifariki, pesa zake huwa mirathi yake. Msimamizi wa akaunti hana tena mamlaka ya kutoa.

## Hatua ya 7: Kukabidhi mtoto akitimiza miaka 18

Anza miezi sita kabla. Rudia zoezi la hatua ya 1 ukitumia vyeti alivyonavyo sasa, vya shule vikiwemo. Kama kuna amana ya muda maalumu (pesa zilizofungiwa benki hadi tarehe mliyokubaliana), angalia tarehe yake ya kuiva. Kuivunja kabla hupoteza riba yote au sehemu yake.

Akishatimiza miaka 18, siku zinazofuata ajiandikishe NIDA akiwa na cheti cha kuzaliwa. Usisubiri matokeo ya kidato cha nne au safari ya chuo. Namba huchukua muda kutoka, na bila namba benki haitamtambua kama mtu mzima hata akiwa na ndevu.

Namba ikishatoka, mwende tawini pamoja, msimamizi na kijana. Mtaombwa kitambulisho au namba ya NIDA ya kijana, picha zake na cheti cha kuzaliwa. Msimamizi atatia saini ya kuachia. Kabla ya kutoka, hakikisheni mambo manne:

1. Saini ya zamani imeondolewa kabisa, haijaachwa kama ya ziada.
2. Namba ya simu ya kupokea ujumbe ni ya kijana, na laini imesajiliwa kwa jina lake.
3. Makato ya akaunti mpya yanajulikana. Akaunti ya mtu mzima mara nyingi ina makato ya mwezi ambayo ile ya mtoto haikuwa nayo.
4. Taarifa ya akaunti tangu kufunguliwa imechapishwa.

Jioni yake, mkabidhi daftari na taarifa hiyo mbele ya mashahidi wawili, mmoja wa upande wa mama. Waislamu watakumbuka kwamba aya ya 6 ya Surat An-Nisaa inaagiza mashahidi wakati wa kuwarudishia mayatima mali zao. Kwa mtoto wa wazazi walio hai pia ni kinga nzuri. Andikeni ukurasa mmoja: salio, tarehe, majina, saini.

Kuanzia hapo mzazi hana haki ya kuuliza salio benki, na akiuliza hatajibiwa. Wazazi wengine huona uchungu na kujaribu kuchelewesha NIDA ya mtoto makusudi, wakihofia atanunua simu ya milioni. Kuchelewesha hakufuti haki yake, na msimamizi akifariki kabla ya makabidhiano, kijana wa miaka 20 anabaki na akaunti yenye saini ya marehemu. Kama hofu ni matumizi, zungumzeni miezi ile sita kabla: sehemu aiweke amana ya muda maalumu kwa jina lake mwenyewe, sehemu iende chuo, iliyobaki ni yake.